Baiskeli Juu ya Gari: Kwa Nini Mzigo Uliofungwa Sana Bado Hudondoka

Wiki tuliyopanga kwenda Pemba na watoto nilishinda asubuhi nzima uani nikifunga baiskeli tatu juu ya gari. Kamba ilikuwa mpya, ya nailoni, na niliizungusha kila nilipoona upenyo, mpaka baiskeli zikawa kama samaki ndani ya dema. Jirani yangu, mtu mzima aliyefanya kazi ya utingo kwenye gari za shamba kwa miaka mingi, akapita njia, akasimama. Hakugusa kamba hata moja. Alishika tairi la juu kwa vidole viwili, akalivuta kwake, akalisukuma. Baiskeli zote tatu zikaenda na kurudi.

"Mwanangu, umefunga sana," akaniambia. "Lakini zinacheza."

"Nikaze zaidi, ami?"

"Hata usikaze. Zifungue zote tuanze upya."

Tulizifungua. Aliyonionesha katika nusu saa iliyofuata ndiyo msingi wa haya ninayoyaandika. Mengine nimeyapata njiani, kwenda Makunduchi, kwenda Pemba, na safari moja ndefu ya Bara hadi Iringa. Nayaandika kwa sababu kila anayeuliza namna ya kusafiri na baiskeli hujibiwa neno moja tu: funga vizuri. Hakuna anayemwambia vizuri ndiyo vipi.

Kucheza

Watu wengi hudhani baiskeli hudondoka kwa sababu kamba imekatika. Hutokea, lakini si mara nyingi. Kamba ya nailoni yenye unene wa kidole kidogo inaweza kuning'iniza watu kadhaa. Baiskeli ya kilo 15 haiwezi kuikata kwa uzito wake. Linalotokea huanza taratibu sana. Baiskeli ina nafasi ya kusogea nusu sentimita. Gari ikipita kwenye shimo, inasogea hiyo nusu, inarudi. Kila inaposogea inasugua kamba, inavuta fundo, inalegeza nati. Nusu inakuwa moja, moja inakuwa tatu. Kutoka Mjini hapa Unguja hadi Mwanakwerekwe, ambako ni karibu tu, mchezo huo haupati muda wa kukua, ndiyo maana mtu hubeba baiskeli ovyo mwaka mzima bila kupatwa na jambo. Unguja yote ina urefu wa kama kilomita 85, Pemba kama 67. Siku atakayovuka Bara na kuendesha kilomita 500 kwa siku moja, mchezo ule mdogo una kutwa nzima ya kufanya kazi yake.

Vinavyoichezesha baiskeli ni vitatu: uzito wake wenyewe, upepo, na barabara.

Uzito watu huufikiria kama kitu kilichotulia. Baiskeli ya chuma ya kizamani, ile yenye keria nyuma na madigadi ya bati, inafika kilo 20. Ya alumini yenye gia huwa kilo 13 hadi 15. Hizi za umeme zinazoanza kuonekana zinapita kilo 22, nyingine zinakaribia 27. Hizo ni kilo za gari iliyosimama. Gari ikiruka tuta, mzigo nao unarushwa, halafu unashuka, na kwa nukta ile unapotua keria ya gari, ile fremu inayobeba baiskeli, inabeba uzito mara mbili au tatu ya ule uliouona kwenye mizani. Ndiyo maana watengenezaji wa gari huweka kikomo kinachoonekana kidogo mno. Gari ndogo nyingi zinaruhusiwa kubeba juu kilo 50 hadi 75 tu, na katika hizo keria yenyewe inahesabiwa. Keria ya chuma iliyochomewa mtaani inaweza kula kilo 20 au 30 kabla hujapandisha kitu. Kikomo cha gari yako kimo kwenye kitabu chake. Najua vitabu vya gari zetu nyingi vimeandikwa Kijapani kwa kuwa zilikuja mtumba kutoka Japani, lakini siku hizi simu yenye programu ya kutafsiri picha inakusomea ukurasa huo kwa dakika moja.

Upepo ndio unaowashangaza watu zaidi. Nguvu yake haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, mwendo umezidi mara mbili lakini upepo unaoisukuma baiskeli umezidi mara nne. Baiskeli iliyotulia kabisa kwenye barabara zetu za shamba si ushahidi kwamba itatulia kwenye barabara kuu ya Bara. Kiti cha mtoto, kikapu na kava la turubai, vyote hivyo ni tanga. Vivue, uviweke ndani. Chupa ya maji, pampu na taa navyo vivue, maana vitakuwa vya kwanza kuondoka.

Na barabara. Ukielekea kusini mashariki kwa njia ya Jozani utakutana na matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, kima wetu wekundu ambao asili yao ni Unguja peke yake. Walikuwa wakigongwa mno kabla matuta hayajawekwa. Kwangu mimi pale ndipo mahali pa kupimia keria. Pita pole kama inavyotakiwa, zima redio, sikiliza. Ukisikia kitu kinagonga juu, kinacheza.

Juu, nyuma au ndani

Ukiweza kuweka baiskeli ndani, iweke ndani. Noah ikilazwa viti vya nyuma inameza baiskeli mbili zilizovuliwa gurudumu la mbele na bado watu wanne wanakaa. Hakuna upepo wala mwizi, na chumvi haifiki. Kirikuu nacho kinabeba vizuri, mradi baiskeli zisimame zimeegemea ubao wa mbele na kila moja ifungwe peke yake, si kwa kamba moja inayozipitia zote. Ukivua gurudumu, kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Uma wa mbele uliobaki wazi unaweza kukunjwa na mzigo mwingine ukiulalia, kwa hiyo kata kipande cha mti chenye upana wa haba, yaani kitovu cha gurudumu, ukibane katikati yake. Na kama breki ni za diski zinazotumia mafuta, mtu yeyote asibane mkono wa breki wakati gurudumu halipo. Pedi zitafungana na gurudumu halitaingia tena mpaka fundi azitanue. Kipande cha boksi kilichokunjwa na kuchomekwa baina ya pedi kinatosha.

Juu ya gari ndiko tulikozoea. Faida zake ni kubwa: mlango wa nyuma unafunguka, taa na namba zinaonekana, na gari ikigongwa nyuma baiskeli hazihusiki. Hasara ni upepo, uzito kuwa juu hata gari ikayumba zaidi kwenye kona, na urefu. Gari ya mita moja na nusu ikibebeshwa baiskeli iliyosimama inakaribia mita mbili na 60. Hapo matawi ya miembe yanakuhusu, waya wa umeme uliolegea unakuhusu, na geti la nyumba ya wageni pia. Mimi hupima kwa futi nikishamaliza kufunga, nikaandika urefu kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi mbele ya macho yangu. Baada ya saa nne za kuendesha, dereva husahau kabisa kwamba kuna kitu juu.

Kwenye keria bapa, ile ya mabomba kama kitanda, usisimamishe baiskeli. Ipindue. Itakaa juu ya kiti chake na ncha mbili za usukani, sehemu tatu, kama chungu juu ya mafiga, na kitu kilichokaa kwenye sehemu tatu hakitetereki hata bomba moja likiwa chini kidogo ya jingine. Zungusha kitambaa kwenye mikono ya breki na gia zisisuguane na chuma. Baiskeli ya breki za mafuta ikishinda imepinduliwa, hewa iliyomo kwenye kopo lake dogo inaweza kuingia kwenye bomba. Ukiishusha, bana breki mara kumi kumi mpaka ziwe ngumu kabla mtu hajapanda.

Keria za nyuma ni za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana dukani. Ya kwanza inashikwa na mikanda kwenye mlango wa buti. Ni rahisi na nyepesi, na ndiyo inayoharibu gari zaidi, kwa sababu uzito wote unategemea ukingo wa bati na kulabu ndogo. Ya pili inakaa kwenye kichwa cha kuvutia tela, kilichofungwa kwenye fremu ya gari. Hiyo ni imara, na baiskeli inapandishwa hadi usawa wa kiuno tu, jambo ambalo mwenye mgongo mbovu au baiskeli ya umeme ya kilo 25 atalishukuru. Lakini nayo ina kikomo, mara nyingi kilo 50 hadi 75 kwa uzito unaokandamiza chini. Kwa RAV4 na gari nyingine zenye tairi la akiba mlangoni, zipo keria zinazofungwa kwenye tairi hilo. Bawaba za mlango tayari zinabeba tairi. Ukiongeza baiskeli mbili, inua mlango kwa mkono kila baada ya safari. Ukiona unapanda na kushuka, bawaba zimeanza kulika, na keria hiyo imefika mwisho wake.

Kwenye keria ya nyuma umbali ni uzito. Baiskeli ya kilo 20 iliyo sentimita 30 kutoka kwenye gari na ile ile ikiwa sentimita 90 si mzigo mmoja. Ya pili inaikunja keria kwa nguvu mara tatu. Kwa hiyo nzito iwe karibu na gari na ya mtoto iwe ya mwisho nje. Zigeuzegeuze, usukani mmoja kushoto, wa pili kulia, ili zilale karibu bila pedali kuingia kwenye spoku za jirani. Pedali zikikusumbua, zivue. Ukumbuke tu pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, kinyume na nati za kawaida.

Baiskeli za kike, zisizo na bomba la juu, hazining'inii sawa kwenye keria hizi. Zinalala upande na gurudumu linaburuza. Yapo mabomba ya kuuzwa ya kuunganisha shingo ya usukani na bomba la kiti, lakini fimbo ya mti mgumu iliyofungwa kwa vipande vya tyubu inafanya kazi hiyo hiyo. Binti yangu alipopata baiskeli yake ya kwendea skuli tulifunga mkaratusi uliobaki kwenye ujenzi, na fimbo hiyo bado tunayo.

Sasa kosa langu. Safari ya kwanza na keria ya buti tulikwenda Makunduchi, kama saa moja na nusu kwa mwendo wa kifamilia. Nilikagua kamba na taa, nikaridhika. Tulipofika, tairi la nyuma la baiskeli ya mwanangu lilikuwa limevimba upande mmoja, mpira umelainika kama ubani uliotafunwa, na tyubu imepasuka. Nilikuwa nimelining'iniza mbele ya bomba la moshi. Hewa inayotoka pale ni ya moto mkali, na tairi lilikaa kwenye moto huo njia nzima. Mtoto alisimama na pampu yake mkononi akinitazama. Siku ile nzima alitembea kwa miguu huku wenziwe wakiendesha, na mpaka leo kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye keria ya nyuma ni bomba la moshi liko wapi na gurudumu liko wapi.

Jambo jingine la keria ya nyuma ni namba na taa. Baiskeli zikificha namba za gari utasimamishwa, na ni haki usimamishwe. Zikificha taa ya breki, dereva wa nyuma yako hajui kwamba umesimama. Nchi nyingi za Ulaya watu hufunga ubao wenye taa na namba nyuma ya baiskeli, ukiunganishwa na waya wa gari. Fundi umeme wa hapa anaweza kukufungia taa hizo bila shida. Hilo la namba uliza kwanza kwa wenye mamlaka, usijichongee yako.

Kamba, mkanda na mpira wa tyubu

Nirudi kwa ami na asubuhi ile uani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuitupa pembeni nailoni yangu. Nailoni inavutika, na ikilowa inavutika zaidi, kwa hiyo uliyoikaza asubuhi kavu inalegea mvua ikinyesha Mahonda. Halafu inateleza, na mafundo yake hufunguka yenyewe kwa mtikisiko. Akaniuliza kama nina kamba ya makumbi. Kamba hii wanayosokota kina mama wa Jambiani na Paje, baada ya makumbi kufukiwa mchangani pwani kwa miezi, nayo inavutika, lakini ina makucha. Fundo lake haliachii na maji ya chumvi hayaiogopeshi. Aliitumia kuzuia baiskeli zisiteleze kwenye bomba, si kuzibeba. Kwa kubeba, kama unaweza kupata mikanda bapa ya poliesta yenye racheti, kile kikazio cha meno, nunua. Haivutiki, na inalala juu ya fremu bila kuikata rangi. Ila racheti ina nguvu kuliko unavyodhani: kaza mpaka mkanda utoe mlio ukiupiga kidole, kisha acha. Fremu nyembamba ya alumini inaweza kubonyea, na ya kaboni inaweza kupasuka kwa ndani pasionekane kitu. Baiskeli ya kaboni ishikwe kwa magurudumu tu, fremu isiguswe.

Mipira ya tyubu ina kazi yake na haifai kupewa kazi nyingine. Uzuri wake ni kwamba inaendelea kuvuta hata mzigo ukijikalia sawa, na inashika kwenye chuma bila kuchuna. Kwa kufunga gurudumu la mbele lisigeuke, au kubana baiskeli mbili zisigongane, hakuna kitu bora. Lakini mpira unavutika. Uking'ang'aniwa na upepo unarefuka, na jua letu linaukausha ukapasuka mahali usipopaona. Mpira peke yake usibebe baiskeli.

Na kama huna racheti, fundo hili la matingo linatosha. Funga ncha moja ya kamba kwenye bomba la keria. Ipitishe juu ya baiskeli, ishuke upande wa pili. Kabla haijafika kwenye bomba la chini, isokote ufanye kitanzi katikati ya kamba, usawa wa kifua chako. Ncha iliyobaki ipite chini ya bomba, irudi juu, iingie kwenye kitanzi, halafu ivute kwa uzito wa mwili. Kitanzi kinafanya kazi ya kapi, kama zile za kupandishia foromali ya jahazi, na mkono mmoja unapata nguvu ya miwili. Bana hapo hapo kwa vidole isirudi, piga mafundo mawili, umemaliza. Mtu aliyezoea anafunga kwa muda wa kuvuta pumzi tano.

Lililobaki ni wapi kamba zipite, na hapa ndipo mimi nilipokosea kwa kuzungusha mita na mita. Kamba kumi zinazoelekea upande mmoja hazizuii kitu kinachosogea upande mwingine. Ami alitumia nne kwa kila baiskeli. Mbili zilishika kiti na usukani zisiondoke kwenye mabomba. Mbili zilitoka kwenye magurudumu yaliyotazama juu, moja ikaenda pembe ya mbele kushoto, nyingine pembe ya nyuma kulia, zikapingana, kama kamba zinazoshika mlingoti. Alipomaliza akashika tairi kwa vidole viwili na kulivuta. Gari nzima iliyumba kwenye springi zake. Baiskeli hazikwenda popote peke yake. Ndicho kipimo: ukitikisa baiskeli, itikisike na gari.

Mkanda bapa ukipigwa na upepo huimba, na mlio huo si kelele tu. Unapiga kama bendera, unajilegeza na kukwaruza rangi. Usokote mara moja kabla hujaukaza, upepo hautaushika. Ncha zilizobaki zifunge, zisipeperuke zikaingia kwenye gurudumu la gari.

Bahari

Wenzetu wa Bara hawana sehemu hii ya safari. Sisi, tukitaka kwenda Pemba au Dar es Salaam na gari, lazima ipande meli, na meli inachezesha mzigo kwa namna yake. Barabarani, misukumo inatoka mbele na chini: upepo, breki, matuta. Baharini inatoka ubavuni. Gari imesimama imezimwa, lakini kwa saa kadhaa inalala kushoto, inalala kulia, hasa wakati wa upepo wa kusi kwenye mkondo wa Nungwi. Keria ya nyuma inayoning'iniza baiskeli kwenye mikono miwili haikuundwa kwa bembea hiyo. Niliiona ya kwangu ikipiga kama mlango uliosahauliwa wazi.

Kwa hiyo kabla ya kuingia bandarini mimi huongeza kamba mbili za ubavu, moja kila upande, kutoka kwenye baiskeli ya nje hadi chini ya bampa. Nikiweza, naziteremsha kabisa na kuzilaza ndani. Muulize mapema mtu wa meli mlango wa sitaha ya gari una urefu gani, na umpe ile namba uliyoibandika kwenye dashibodi. Kumbuka pia kwamba gari itabanwa karibu sana na nyingine. Usukani uliochomoza sentimita 20 nje ya ubavu wa gari yako utakuwa kwenye kioo cha mtu. Legeza nati ya usukani, uugeuze ulale sambamba na fremu.

Ukishuka Mkoani, simama kabla ya kuanza vilima vya kuelekea Chake na ukaze tena kila kitu. Pemba ni kupanda na kushuka na kona, na wakati wa karafuu majamvi yamejaa kandokando ya barabara na watoto wako karibu nayo. Hakuna pahali pabaya zaidi pa kudondosha baiskeli.

Ng'ambo

Safari yetu ya Iringa ilikuwa kama kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Tulisimama baada ya kilomita 10 za kwanza, tukakuta mkanda mmoja umelegea. Hilo ni la kawaida: mzigo unajikalia, mpira wa viti unabonyea, mikanda inapata nafasi. Kituo cha pili kilikuwa Chalinze, cha tatu Morogoro, na huko hatukukuta kitu. Ukikagua mara mbili za mwanzo kwa makini, zilizobaki ni za kupitisha mkono tu kila unapotia mafuta.

Kilichonishtua ni malori na mabasi. Basi linalokuja upande wa pili kwa kasi linasukuma ukuta wa hewa mbele yake. Gari inasukumwa pembeni, halafu basi likishapita inavutwa kurudi. Ukiwa na baiskeli juu, misukumo hiyo miwili inaishika gari kama mtu anayeshika kofia yako. Shika usukani kwa mikono miwili na upunguze mwendo kabla hamjakutana, si wakati mnakutana. Tulikwenda kilomita 80 kwa saa, hatukupita. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inapita kama kilomita 50 katikati ya wanyama, ni matuta na vibao vya mwendo mdogo, na watoto walifurahi kwa sababu waliwaona twiga na pundamilia bila haraka. Kona za Kitonga tulizipanda taratibu nyuma ya lori. Uzito ulio juu ya gari unauhisi hasa pale, gari ikiinama kwenye kona kuliko ulivyozoea.

Tulipolala njiani tulizipitishia baiskeli mnyororo mmoja na kufuli hadi kwenye keria, na gari tukaiegesha mgongo ukutani. Keria nyingi zinafunguliwa kwa spana namba 13, na spana hiyo kila mtu anayo.

Chumvi

Ukirudi nyumbani kazi haijaisha, hasa kama umevuka bahari mara mbili. Chumvi hukaa kwenye mnyororo, ndani ya haba, na zaidi pale alumini inapogusana na chuma: boliti ya chuma kwenye keria ya alumini, bomba la kiti la alumini ndani ya fremu ya chuma. Metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi, moja huanza kuliwa, na baada ya miezi michache zimeungana kiasi kwamba hata nyundo haizitenganishi. Grisi kidogo baina yake inazuia hilo. Osha kwa maji baridi ya mfereji, yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo, usingoje kesho, kisha kausha mnyororo kwa kitambaa na utie mafuta.

Kama keria yako ni ya kuchomewa na fundi wa mtaani, mwambie tangu mwanzo azibe ncha za mabomba. Maji yakiingia hayatoki, na bomba linaoza kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Gonga kila kiungo kwa kipini cha bisibisi. Kizima kinalia kengele. Kilichooza kinalia kama debe, na hicho kichomewe upya kabla ya safari nyingine. Keria ikishakauka, ivue kwenye gari, uitundike stoo pamoja na mikanda yake, mbali na jua.